Stuart D10 ndani ya meli ya rimoti: injini imara, yenye kiu

Anayetaka kuunda mfano wa meli inayotembea kwa mvuke wa kweli hachelewi kukutana na jina la Stuart, kampuni ya Uingereza ya injini ndogo za mvuke. D10 yao ni injini wima ya silinda mbili, muundo wa Kiingereza wa siku nyingi. Kila silinda ina kipenyo cha inchi 3/4 na mwendo wa pistoni wa inchi 3/4, yaani mm 19 kwa 19. Mvuke huisukuma pistoni kutoka juu na kutoka chini, na mikono miwili ya kranki imepishana kwa digrii 90, kwa hiyo injini huanza yenyewe popote iliposimama. Kwa meli ya rimoti sifa hii ya mwisho inazipita zote: chombo kikishafika mita 40 kutoka ukingoni, hakuna wa kwenda kuizungusha flaiwili kwa kidole.

Tathmini hii inamhusu mtu anayenunua seti ya vipande vya kusubu, akamalizia kazi ya chuma Kampala au Jinja, kisha akaiendesha meli kwenye maji yaliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo, pamoja na joto letu, hubadilisha mambo kadhaa ambayo maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Uingereza hayakuyapangia. Hukumu yetu tunaitoa mapema: D10 ni injini ya kununua ikiwa meli yako ina urefu wa mita 1.2 au zaidi, na ikiwa umeshapanga boila kabla ya injini. Kwa meli ndogo, au kwa anayeanza, ni chaguo lisilofaa, na sababu yake ni maji inayoyanywa. Tutalifikia hilo.

Kazi ya chuma

Vipande vikuu ni vya chuma cha kusubu: silinda, nguzo zinazozibeba na kitako. Ukiweza kupata seti iliyokwisha kukerezwa, gharama yake ya ziada ni halali kabisa kwa mtu asiye na mashine ya kukereza. Asiye nayo na bado akataka vipande vibichi ataishia Katwe. Wakereza wa pale wana mikono mizuri, lakini mashine zao ni kubwa, nyingi zimechakaa, na kazi waliyoizoea ni shafti za mashine za kusaga na ngoma za breki. Silinda ya mm 19 kwao ni kitu kidogo sana. Kwa hiyo usimpe fundi mchoro na kuondoka. Mpe maagizo machache, na usimame hapo.

La kwanza, ngozi ya nje ya chuma cha kusubu ni ngumu na ina mchanga wa kalibu. Mkato wa kwanza lazima uingie ndani ya ngozi hiyo, nusu milimita au zaidi, kwa mwendo wa polepole na kisu cha kabaidi. Anayeparuza juu juu kwa kuhofia kuharibu kipande anaua kisu chake na kuacha uso uliochomeka. La pili, tundu la silinda na uso wa upande mmoja vikatwe bila kukitoa kipande kwenye chaki, yaani kishikio cha mashine. Vikikatwa kwa kufunga mara mbili, tundu halitasimama wima juu ya nguzo, na pistoni itabana upande mmoja kila inaposhuka. La tatu, ambalo mafundi wengi hushangaa wakiambiwa: kipenyo kamili si muhimu. Tundu likitoka mm 19.0 au 19.2 hakuna hasara, maana pistoni inakerezwa kufuata tundu. Kinachotakiwa ni tundu liwe duara la kweli na lisipanuke kuelekea chini. Tofauti ya mm 0.02 kutoka juu hadi chini ndiyo mwisho wa kuvumilia. Venia haitoshi kupima hilo. Tumia geji ya ndani na maikromita.

Uso wa milango ya mvuke, pale valvu inapoteleza, usiuachie mashine peke yake. Bandika karatasi ya msasa namba 400 juu ya kioo kinene, tia mafuta mepesi, usugue kwa mchoro wa nane hadi rangi ya uso iwe moja, kisha malizia na 600. Fanya vivyo hivyo kwa valvu yenyewe. Dakika ishirini za kusugua hapa zinaokoa mvuke zaidi kuliko marekebisho yoyote utakayoyafanya baadaye, kwa sababu uso usio bapa huuvujisha mvuke kutoka upande wa kuingilia kwenda moja kwa moja upande wa kutokea, na hakuna dalili ya nje inayoonekana. Injini inazunguka vizuri tu, ila boila inaisha upesi.

Hesi, yaani mizunguko ya skrubu, ndiyo kero halisi kwa mnunuzi wa huku. Michoro ya Stuart ni ya inchi, na skrubu zake ni za BA, mfumo wa Uingereza wa skrubu ndogo. Vikata hesi vya BA si vitu vya kuvitegemea kwenye maduka ya vifaa ya Nakasero. Ushauri wetu ni kuhamia kwenye metriki kwa injini nzima: penye 7 BA weka M2.5 na utoboe kwa keekee ya mm 2.1, penye 5 BA weka M3 na utoboe mm 2.5 au 2.6. Penye 2 BA, M5 inakaa bila matatizo. Tahadhari ni moja. Nati ya 7 BA ina upana wa karibu mm 4.4, na ya kawaida ya M2.5 ina mm 5. Kwenye kifuniko cha silinda tofauti hiyo hutosha kuifanya nati iguse ukingo ulioinuka, kwa hiyo ama upunguze nati kwa tupa, ama ununue nati za kichwa kidogo. Mabomba ya mvuke ni habari nyingine. Vifaa vya boila vya Uingereza, kama geji ya presha, valvu ya usalama na kioo cha maji, huja na hesi laini za 40 kwa inchi, na ile ya inchi 1/4 ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Huko usichanganye na metriki hata kidogo. Agiza kikata hesi cha ndani na cha nje cha 1/4 x 40 pamoja na injini, ukivitunze.

Kuunganisha

Fito za pistoni na za valvu tunashauri ziwe za chuma kisichoshika kutu, hata kama seti imeleta za chuma cha kawaida. Injini ya meli inakaa wiki nzima kwenye kabati yenye unyevu baada ya saa moja ya mvuke, na kamba ya grafaiti inayoziba pale fito inapopita huharakisha kutu kwenye chuma cha kawaida, kwa sababu grafaiti na chuma vikikutana na maji hutengeneza umeme mdogo unaokula chuma. Kamba ya Tefloni haina tabia hiyo. Kaza nati ya kuziba kwa vidole tu, kisha robo ya mzunguko kwa spana. Ikikazwa zaidi, breki umejiwekea mwenyewe.

Kwa pistoni, oringi (pete ya kuziba) ya Viton, mpira unaostahimili joto, inafanya kazi vizuri ikiwa mfereji wake ni mpana kuliko oringi kwa karibu theluthi moja na unaibana kidogo sana, sehemu ya kumi ya milimita hivi. Zile oringi nyeusi za kawaida za nitrili zinazouzwa soko la Kiseka kwa ajili ya magari zitaanza kukakamaa mapema, kwa kuwa mvuke wa bar 3 una joto la zaidi ya digrii 140.

Upangaji wa valvu ndipo watu wengi hukata tamaa bila sababu. Kuna marekebisho mawili, na kila moja lina kazi yake. Fungua kifuniko cha kisanduku cha mvuke, zungusha kranki kwa mkono, uangalie mlango wa mvuke unafunguka kiasi gani pistoni inapofika juu kabisa, na kiasi gani inapofika chini kabisa. Ikiwa upande mmoja unafunguka zaidi ya mwingine, tatizo liko kwenye urefu wa fito ya valvu: zungusha nati yake nusu mzunguko na upime tena. Ikiwa pande zote mbili zinafunguka sawa lakini zimechelewa, au zimewahi mno, tatizo liko kwenye ekisentriki, ile duara ya shafti inayoisogeza valvu: legeza skrubu yake uizungushe juu ya shafti. Anayejaribu kuponya la kwanza kwa dawa ya la pili atazunguka siku nzima. Mlango ukianza kufunguka, ufa mwembamba kama unene wa karatasi, pistoni ikiwa mwisho wa safari yake juu na chini, umemaliza.

Usiipe injini mpya mvuke mara moja. Compresa ya fundi wa matairi inatosha, mradi uweke rigyuleta ya kupunguza presha, kwani tangi lake linaweza kuwa na bar 7 au 8 na injini inataka bar 1. Tia matone ya mafuta kwenye bomba la kuingilia, iache izunguke nusu saa, igeuze mwelekeo, nusu saa tena. D10 iliyounganishwa vizuri huendelea kuzunguka bila mzigo kwa hewa iliyo chini ya nusu bar. Ikihitaji zaidi ya bar 1, kuna kitu kinabana, na mara nyingi ni nguzo zilizofungwa bila kulingana na kranki.

Kiu

Tuhesabu. Silinda moja, mwendo mmoja wa pistoni, ni sentimita za ujazo 5.4. Silinda mbili zinazosukumwa pande zote hufanya mara nne kwa kila mzunguko, hivyo karibu 21.7. Kwa mizunguko 500 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa meli yenye rafadha kubwa, injini inapitisha lita karibu 11 za mvuke kila dakika. Kwenye presha ya bar 1.5 ndani ya kisanduku cha valvu, lita moja ya mvuke ina uzito wa gramu 1.3 hivi. Ondoa kidogo kwa kuwa valvu hufunga kabla pistoni haijafika mwisho, kisha ongeza kwa ukarimu mvuke unaogeuka maji kwenye kuta za silinda baridi, na unafika gramu 18 hadi 20 kwa dakika. Kwa dakika ishirini za safari hiyo ni mililita 400 za maji.

Kanuni ya mkono ya waunda mifano husema inchi 100 za mraba za uso unaopata moto hutoa inchi moja ya ujazo ya maji kwa dakika, yaani mililita 16 kwa sentimita za mraba 645. Kwa kipimo hicho D10 inataka uso wa moto wa sentimita za mraba 750 hivi. Sasa chukua boila inayouzwa sana kwa meli ndogo, ile ya mlalo yenye bomba moja la moto katikati. Hata ikiwa na kipenyo cha mm 100, urefu wa mm 200 na bomba la mm 40 lenye vibomba vya maji vinavyolikata, uso wake haufiki hata 400. Gesi hupasha kwa nguvu kuliko makaa, kwa hiyo utapata mvuke zaidi ya kanuni, lakini hautapata maradufu kwa raha. Dalili yake ni hii: meli inaondoka kwa fahari na geji ikiwa bar 3, baada ya dakika mbili iko bar 1.5, baada ya nne inajikokota. Mwenye meli huilaumu injini. Injini haina kosa lolote.

Kwa hiyo nunua, au mpe fundi anayejua, boila ya mabomba mengi ya moto, au ile ya pipa la juu lenye vibomba vya maji vinavyoning'inia juu ya moto. Ukitaka safari ndefu ongeza pampu ya kulisha maji inayoendeshwa na injini: plunja ya mm 5 yenye mwendo wa mm 8, ipunguzwe kwa giya ili ipige mara moja kila injini inapozunguka mara nne, na iwe na valvu ya kurudisha maji ya ziada kwenye tangi.

Kuhusu kuunda boila hapa nchini tuna msimamo mkali. Bomba la shaba nyekundu la inchi 1/4 kutoka kwa mafundi wa friji ni zuri sana kwa njia za mvuke, nasi tunalipendekeza. Lakini vijiti wanavyolehemia friji mara nyingi ni shaba yenye fosforasi na fedha kidogo. Hivyo si vya viungo vya boila vinavyokutana na moto. Boila inataka lehemu ya fedha ya asilimia 55, inayoyeyuka kwenye digrii 630 hadi 660, na vitako vya kufungia vifaa viwe vya bronzi, maana shaba ya manjano hupoteza zinki kwa miaka na kubaki kama sifongo. Lehemu ya kawaida ya risasi na bati huyeyuka kwenye digrii 183. Boila ikikauka, kiungo cha namna hiyo hakina muda wa kukuonya.

Boila yoyote, iwe ya nje au ya hapa, ipimwe kwa maji kabla ya moto: ijaze mpaka hewa yote itoke, uisukume kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya presha ya kazi, uiache hapo huku ukitazama kila kiungo. Kila mwaka rudia kwa mara moja na nusu. Usipime kwa hewa ya compresa. Maji yakipasua kiungo hutoa tone tu, hewa iliyobanwa hutupa vipande.

Gesi kwenye mwinuko wetu

Hapa ndipo meli nyingi zenye kila kitu sahihi zinaposumbua. Vichomeo vya boila hizi hutumia buteni. Kwenye siku ya Uingereza ya digrii 15, presha ndani ya tangi la buteni safi ni karibu bar 0.75 juu ya hewa ya nje. Hapa Kampala, kwa digrii 28 na hewa yetu nyepesi, ni karibu bar 1.8. Jeti (kitundu cha kutolea gesi) ile ile, valvu ikiwa imefunguliwa kiasi kile kile, inapitisha gesi nyingi zaidi kwa mbali. Wakati huo huo hewa ya mita 1,134, usawa wa Ziwa Victoria, ina uzito pungufu kwa zaidi ya sehemu ya kumi, na kichomeo kinavuta oksijeni kidogo. Gesi zaidi, hewa pungufu: mwali unakuwa mrefu wa manjano, masizi yanajaa kwenye mabomba, na joto linapungua badala ya kuongezeka, kwa sababu masizi ni blanketi.

Tiba ina hatua tatu, kwa mpangilio huu. Punguza gesi kwenye valvu ya sindano mpaka mwali uwe wa bluu na ungurume kwa sauti moja. Ikiwa valvu imebaki nyeti mno, kiasi kwamba kuigusa tu kunazima moto, badilisha jeti kwa ile yenye tundu dogo zaidi kwa saizi moja. Bado kukiwa na ncha za manjano, ndipo upanue matundu ya hewa ya kichomeo, kidogo kidogo kwa tupa ya duara, kwani kilichokatwa hakirudi. Jeti iliyoziba ipulizwe kwa hewa kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiichokoa kwa waya umeiharibu.

Makopo ya buteni ya majiko ya mezani yanayopatikana kwenye supamaketi yanafaa, ukipata adapta yake. Kujaza tangi la meli kutoka mtungi wa gesi ya jikoni ni hatari ya kweli: gesi hiyo ina propeni, ambayo kwa digrii 30 ina presha ya karibu bar 10, na tangi lililotengenezwa kwa ajili ya buteni halikukusudiwa hilo. Jaza tangi hadi asilimia 80 tu, lisikae juani, lisiguse boila. Safari ya dakika ishirini kwa D10 hula gramu 40 hivi za buteni, kwa hiyo tangi la mililita 100 linatosha. Usiweke kubwa zaidi. Gesi inatakiwa kuisha kabla ya maji, kila mara, bila kutegemea kumbukumbu ya mtu.

Buteni ni nzito kuliko hewa na ikivuja hukaa chini ya meli ikisubiri kiberiti. Pakaa povu la sabuni kwenye viungo vyote, na ufungue deki kabla ya kuwasha.

Meli yenyewe

Kwa D10 tunazungumzia bodi ya mita 1.2 hadi 1.5, yenye uzito wa kilo 12 hadi 18 ikielea kwenye mstari wake. Tagi au meli ya mizigo ndiyo rahisi zaidi. Meli za abiria kama Robert Coryndon ya Ziwa Albert, iliyotoka kwa Thornycroft na kuishia kuzama Butiaba miaka ya 1960, zinavutia moyo wa kila mtu, lakini zina nyumba ndefu juu ya deki. D10 nayo ni injini ya kusimama, uzito wake uko juu. Viwili hivyo pamoja hufanya meli inayolala kila inapopiga kona. Anayeichagua aunde nyumba za juu kwa plaiwudi ya mm 1.5 au karatasi ngumu iliyolowekwa epoksi, na farumi yote ya risasi ailaze kando ya mkuku. Boila iwekwe pale pale kwenye kitovu cha kuelea, kwa sababu mililita 400 zikiisha umetoa karibu nusu kilo, na boila iliyo mbele itaiacha meli imeinua pua.

Kwa mbao, Ndeeba inatosha: musizi ni mwepesi na unakatika vizuri kwa mbavu na bitana, mvule uwe wa mkuku na kitako cha injini. Funga boila kwa karatasi ya seramiki kabla ya kuivika vipande vya mbao.

Rafadha iwe kubwa na ya mwinamo mkali, mm 85 hadi 100, yenye mapanga matatu au manne. Rafadha ndogo ya injini ya umeme itaiacha D10 izunguke kwa kasi bila kusukuma kitu, na kiu yake inapanda kwa kila mzunguko.

Rimoti ya masafa ya 2.4 GHz yenye chaneli tatu inatosha: usukani, mvuke, na kurudi nyuma. Gia ya kurudi nyuma ya aina ya Stephenson huuzwa peke yake, na kwa meli tunaiona ni ya lazima. Sevo yake, yaani mota ndogo inayotii rimoti, iwe na nguvu na gia za chuma, maana valvu zikiwa na presha mgongoni haziteleshwi kwa wepesi. Weka betri na kipokezi upande wa mbele wa boila, ndani ya boksi lililofungwa, juu ya mstari wa maji. Chaneli ya nne ya kuzima gesi ni nyongeza ya busara.

Mafuta na maji

Kikombe cha mafuta kinachofanya kazi kwa mvuke kuganda ndani yake ndicho sahihi: mvuke unageuka maji, maji yanakaa chini, mafuta yanapandishwa na kuingia njia ya mvuke. Kisizidi mililita 15, na kila baada ya safari maji yake yatolewe kwa sindano. Mafuta yawe ya silinda za mvuke, daraja la 460. Ulizia kwa wauzaji wa vilainishi vya viwandani kwenye Eneo la Viwanda. Mafuta ya injini ya gari hugeuka maziwa yakikutana na mvuke, na mafuta ya gia yenye salfa hula bronzi.

Maji ya boila yawe ya mvua, yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua yenyewe, kisha yakachujwa kwa kitambaa. Maji ya ziwa yana mwani na tope laini, yasiingie. Ukinunua maji ya betri, yale yaliyochemshwa na mvuke wake ukarudishwa kuwa maji, hakikisha mara mbili kwamba si asidi. Anza na maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, gesi nyingi itaokoka.

Mvuke uliotumika una mafuta. Upitishe kwenye chombo cha kutenganisha kabla haujapanda bomba la moshi, la sivyo deki nzima itanyunyiziwa, na ziwa pia. Mafuta yaliyokusanywa yabebwe nyumbani kwenye chupa. Wakati wa kuanza, fungua mvuke kidogo sana na uache silinda zipate joto. D10 ina faida hapa: valvu yake bapa ikikutana na maji yaliyonaswa ndani ya silinda hunyanyuka kidogo na kuyaachia.

Kwenye maji

Ziwa la Kabaka pale Mengo limetulia kuliko ghuba za Victoria. Anayekwenda Ggaba au Entebbe aende asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuingia nchi kavu. Gugu maji ndilo adui mkubwa: hata kipande cha mzizi chenye urefu wa kiganja kikijisokota kwenye rafadha kinaisimamisha injini, na moto wa boila unaendelea. Weka nyaya nyembamba za kinga mbele ya rafadha, na usiingie kwenye maji yenye vipande vinavyoelea. Meli ikikwama usiifuate kwa miguu, kichocho kiko kwenye kingo hizi. Fimbo ya kuvulia yenye mpira wa tenisi mwisho wa uzi, ukiurusha kupita meli na kuuvuta polepole, huirudisha bila mtu kulowa.

Anayesita baada ya kusoma haya na achukue kwanza injini ya silinda mbili zinazoyumba, yenye kipenyo cha mm 10 hadi 12, ndani ya bodi ya sentimita 80. Haina valvu za kupanga, hunywa kama robo ya maji ya D10, na boila ya bomba moja inaitosha. Aliyeamua kuchukua D10 aagize katika kifurushi kimoja: gia ya kurudi nyuma, vikata hesi vya 1/4 x 40, valvu ya usalama iliyopimwa, jeti mbili za ukubwa tofauti, adapta ya kujazia gesi, na mita moja ya kamba ya Tefloni. Kila kifurushi kinachopita Entebbe kinahesabiwa ushuru na VAT ya asilimia 18 juu ya bei pamoja na nauli, kwa hiyo nauli ya vifurushi vitatu vidogo inakugharimu mara mbili. Makopo ya gesi na ya rangi yasitiwe humo, hayaruhusiwi kwenye ndege kwa njia ya kawaida na yatakwamisha mzigo wote.